Kasoro ya Nne

Yadi ile ya magari ya mtumba ilikuwa na wauzaji wanne, na watatu kati yao walikuwa na maneno matamu ya kujaza buti mpaka mlango usifungike. Gari lililokwaruzwa ubavu mzima waliliita gari lenye uzoefu. Gari lililokuwa likinywa mafuta kupita kiasi walisema lina nguvu. Wa nne alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni isipotee. Mteja akisimama mbele ya gari, yeye hakumpigia chuku yoyote. Alisema tu, "Tuanze na kasoro zake. Bei tutaongea baadaye."

Basi wakamwita Mama Kasoro, na jina akalipokea bila kinyongo.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Alitaja kasoro kuanzia kubwa kwenda ndogo, akionyesha kwa kidole: hapa bati limenyooshwa, huku taa imebadilishwa, kiyoyozi nacho kinapuliza upepo wa kuazima. Akimaliza alivua miwani na kusema, "Haya, nirudishie." Mteja alitakiwa azitaje zote mwenyewe, kwa vidole, na aliyesahau hata moja alianza upya. Kuna mkurugenzi mmoja wa kampuni, tai shingoni na dereva akimsubiri nje, aliyerudishwa mwanzo mara tatu kama mtoto wa darasa la pili. Alitoka jasho, akakasirika, akacheka, halafu akanunua. Mwaka uliofuata alimleta shemeji yake.

Hilo ndilo lililowashinda kulielewa wale watatu wenye maneno matamu. Mama Kasoro aliuza kuliko wao wote. Watu walivuka lango wakimuulizia yeye, na wengi walikuwa wameacha kabisa kuja na fundi wao wa kulikagua gari, jambo ambalo mnunuzi yeyote mwenye akili timamu hulifanya. "Fundi wa nini," walisema, "na Mama Kasoro yupo?" Alikuwa akiyasikia maneno hayo na yalimpendeza, tusifiche. Yangempendeza mtu yeyote.

Kuuza hakukusomea. Alifika pale miaka ishirini nyuma kufuta magari. Mumewe alikuwa ameondoka bila kuacha hata namba ya simu, na yeye alikuwa na binti wa kusomesha na jozi moja ya viatu. Aliyafuta magari ndani na nje, na mtu anayefuta gari hafichwi kitu. Anajua kiti kipi kinanuka sigara, mlango upi unavujisha mvua, na mwenye gari wa kwanza alikuwa mtu wa tabia gani. Siku moja wauzaji wote walikuwa wamekwenda kula, mteja akaingia, akamkuta na ndoo yake. Akamuuliza gari lile likoje. Mama wa watu hakujua kusifu, hakuna aliyemfundisha, akamwambia alichokijua: mlango wa nyuma unavuja, kiti cha dereva kimeshonwa upya, na aliyelimiliki alikuwa akivuta sigara na kufuga mbwa. "Tangu asubuhi nazunguka," akasema yule mteja, "wewe ndiye wa kwanza kuniambia kitu." Akalinunua palepale. Bosi, ambaye hakuwa mtu wa kuachia nafasi ipite, akamtoa kwenye ndoo akampa meza.

Na meza ni kitu kizuri. Ina kiti, ina feni, ina droo yenye kufuli. Miaka ikaenda, magari yakawa yanafutwa na wengine, na kasoro zikawa zinamfikia zimeshaandikwa kwenye karatasi kutoka gereji iliyokuwa nyuma ya yadi. Alizisoma, akazikariri, akazisema kwa sauti ileile ya mtu aliyezigusa kwa mkono wake. Hakuona tofauti. Ni wachache wanaoijua siku ambayo kazi yao imegeuka kuwa kazi nyingine.

Miezi miwili kabla ya haya tunayoyasimulia, alikuja muuguzi mstaafu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkubwa kwa Mama Kasoro kwa miaka kama kumi, wa maneno machache, mkoba ameubana kwapani. Figo za mume wake zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki ilibidi apelekwe hospitali, aunganishwe na mashine ya kusafisha damu, akae nayo saa nne nzima. Teksi zilikuwa zimewatesa. Nyingine zilichelewa, nyingine zilifika na dereva akaanza kulalamika akiona kiti cha magurudumu. Muuguzi alitaka gari lake mwenyewe, lenye mlango mpana wa mbele.

"Na lisinizimikie njiani," alisema. "Mengine yote nitavumilia."

Mama Kasoro alimpeleka kwenye gari la kijivu. Lilikuwa limeingia kwa meli pamoja na lenzake jeupe, yote ya aina moja na ya mwaka mmoja. Karatasi ya gereji ilisema kasoro tatu: kitasa cha mlango wa nyuma ni kigumu, bampa la nyuma limepakwa rangi upya, redio haishiki vizuri. Muuguzi alizirudisha mara moja bila kukosea, kama anayepokea maagizo ya daktari.

"Hizo tu?"

"Hizo tu, mama."

"Kuna fundi jirani yangu alitaka tuje naye, nikamwambia apumzike tu. Nimeambiwa wewe hudanganyi."

"Mimi sidanganyi," alisema Mama Kasoro, na wakati huo alikuwa akisema kweli, au alidhani hivyo.

Ikafika Jumanne moja, mchana. Mwalimu wa kike alikuwa amekuja kulitazama lile gari jeupe, na kabla hata hawajaanza, hereni yake moja ikadondoka chini ya kiti. Mama Kasoro akapiga magoti. Alisukuma kiti nyuma, akapitisha mkono kwenye vile vyuma ambavyo kiti hutelezea, na vidole vikarudi na kitu laini kama unga. Akavitazama. Vumbi la barabarani lina chembe, ukilisugua unalisikia. Hili lilikuwa tope lililokauka, lililochujwa na maji. Miaka ishirini tangu aliposhika ndoo, na bado vidole vyake vilijua.

Akaushika mkanda wa kiti, akauvuta. Akauvuta kupita mahali ambapo mtu yeyote huuvuta, mpaka ukagoma. Kule mwisho, sehemu ambayo hukaa imejiviringisha ndani ya nguzo ya mlango na haionwi na mtu, rangi ya mkanda ilibadilika. Palikuwa na mstari wa kahawia ulionyooka sawasawa, na chini ya mstari mkanda ulikuwa umefifia. Maji yaliyotulia ndiyo huchora mstari wa namna hiyo. Gari lile lilikuwa limekaa ndani ya maji mpaka usawa wa viti, na si kwa saa moja.

Hereni aliipata. Alimkabidhi mwalimu, akamwambia gari lile leo haliuzwi.

"Mbona hata kasoro zake hujanitajia?"

"Bado nazitafuta," alisema Mama Kasoro.

Alikwenda moja kwa moja gereji. Fundi umeme alikuwa ameinama ndani ya boneti, bisibisi mdomoni.

"Gari jeupe lilizama?"

Fundi hakuinua kichwa. Alitoa bisibisi mdomoni. "Nani kasema?"

"Mkanda."

Hapo akainuka, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Basi kama mkanda umeshasema, mimi nitabisha nini?"

"Na la kijivu je?"

"Mama, yalikuja pamoja. Huko yalikotoka yalikuwa yameegeshwa mahali pamoja, mafuriko yakayakuta pamoja. La kijivu kapeti nimebadilisha mimi mwenyewe, kwa mikono hii."

"Mbona karatasi yangu ilikuwa na kasoro tatu?"

"Karatasi haiji kwako, inapita kwa bosi kwanza." Fundi alishusha sauti. "Mimi niliandika nne."

Mama Kasoro aliegemea ukuta. Akamuuliza gari la namna ile huwa linafanya nini, ingawa kwa miaka aliyokaa pale angeweza kujijibu mwenyewe.

"Linaweza kukaa mwaka mzima halina neno. Ila waya zinaoza kwa ndani, taratibu. Siku zikikatika linazima, hata likiwa kwenye mwendo. Usukani unakuwa mzito, breki nzito, taa zote kimya. Likikufanyia hivyo uchochoroni, unashuka unasukuma. Likikufanyia barabara kubwa, katikati ya malori, ndiyo sijui."

Bosi alikuwa ofisini, akinywa maji ya uvuguvugu kama daktari wake alivyomwagiza. Hakuwa mtu mbaya wa kuonyeshwa kidole. Alilipa mishahara kwa wakati, alikuja misibani, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia, "Kaa, dada."

Alikaa.

"Na mimi niliuziwa hivyohivyo. Wakala alinitumia picha, yanang'aa. Yalipofika ndipo nikajua, na wakala simu hapokei. Nilie wapi?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungesema."

"Ndiyo kazi yangu hiyo, bosi. Kusema."

Bosi akatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la upole, ndiyo maana liliuma. "Wewe unafikiri wanakuja kununua kwako kwa sababu gani? Nimekuangalia miaka yote hii. Wale wenzako wanapiga kelele, mteja anaingia hadi chini ya gari na tochi. Wewe unamtajia kasoro tatu, anatulia. Mtu ukishamtajia tatu hatafuti ya nne. Mimi nimewahi kukuambia uache?"

Hakuwahi. Kwa miaka yote Mama Kasoro aliamini ukweli wake ni kitu chake mwenyewe, kitu alichoingia nacho asubuhi na kutoka nacho jioni, na kumbe ulikuwa umewekwa kwenye hesabu za yadi kama bango la langoni. Aliona aibu, aibu hasa, ya kupasha masikio moto.

"Subiri kwanza," bosi alimalizia. "Huenda lisipate shida yoyote. Likipata, atalirudisha, tutamtengenezea bure. Usimtie mtu presha bila sababu."

Alirudi mezani kwake na kuweka simu mbele yake. Namba ya muuguzi alikuwa nayo. Aliitazama, akapanga la kusema, akalipangua. Akaingia mteja, akainuka kumhudumia. Alipokaa tena ilikuwa jioni, akajiambia kesho asubuhi.

Kesho yake, kabla hajapiga, akapigiwa. Muuguzi alikuwa hospitali, anamsubiri mumewe kwenye mashine, na kwa mara ya kwanza alikuwa na maneno mengi. Alisema mzee siku hizi akitoka pale analala garini njia nzima mpaka nyumbani, hata kukoroma anakoroma, jambo ambalo kwenye teksi halikuwahi kutokea. Alisema ameshamwambia na mwenzake aliyefanya naye kazi wodini, naye atakuja yadi mwisho wa mwezi. "Nimeona nisikae nalo moyoni," alisema. "Nimepiga kukushukuru."

Mama Kasoro alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale. Lakini alimwona kwa mawazo yule mama koridoni peke yake, mume ndani na sindano mkononi, na akaona siyo mahali pa kumwambia mtu kwamba gari alilokuja nalo litamzimikia. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Ilikuwa sababu nzuri, na sababu nzuri ndizo za kuogopa.

"Nashukuru sana, mama," alisema.

Alhamisi alisema Ijumaa. Ijumaa bosi hakuwepo, akasema ni vizuri azungumze naye kwanza kabla ya kwenda popote. Siku hiyo yote masikio yake yalikuwa barabarani. Gari likipiga breki nje alisimama dirishani. Mtu alimuuliza bei ya gari akamtajia namba ya simu yake.

Jioni ile alimweleza dada yake mkubwa. Walikuwa wakiishi pamoja tangu binti alipoolewa, na dada yake alikuwa fundi wa kushona, mwanamke anayesikiliza vizuri zaidi akiwa na pini mdomoni kwa sababu hawezi kukukatiza. Mama Kasoro alieleza yote, kuanzia hereni mpaka simu ya Jumatano. Dada alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Umesema na fundi," alisema. "Umesema na bosi wako. Leo umesema na mimi. Umebakiza mmoja tu, na ndiye mwenye gari."

"Najua."

"Unaogopa nini? Kufukuzwa?"

"Kufukuzwa naogopa. Lakini zaidi naogopa uso wake."

"Basi uso wake ni leo au ni siku watakayokuita ukamtazame wodini," dada alisema, akarudi kwenye cherehani. Hakuwa mtu wa kubembeleza, hata walipokuwa wadogo.

Jumamosi asubuhi, kabla wenzake hawajafika, Mama Kasoro alichukua karatasi nyeupe na kalamu nene, akaandika neno moja, LILIZAMA, akalibandika kwenye kioo cha mbele cha gari jeupe. Kisha akaingia kwa bosi bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Jumatatu nakwenda kumwambia. Ukinifukuza sawa, lakini nakwenda."

Bosi alitazama dirishani, akaiona karatasi. Alikunywa maji yake yote, akaweka glasi chini. Mtu mwenye biashara anajua kupiga hesabu haraka, na ile aliimaliza kabla glasi haijagusa meza.

"Mzigo mwingine unatoka bandarini baada ya wiki tatu," alisema. "Achague humo gari zuri, tubadilishane, asiongeze kitu. Hilo jeupe litauzwa vipuri. Lakini ukifika kwake usiseme 'sisi'. Sema 'mimi'. Risiti ina jina la yadi, lakini uso aliouamini ni wako."

Alitoka pale akiuma meno. Aliona bosi amejivua koti lote la lawama akamvika yeye. Ila Jumapili, akipanga nyumbani maneno ya kusema, alijaribu "sisi" mara kadhaa na kila mara likamkwama. Nani aliyesema "hizo tu"? Nani hakuuvuta mkanda? Bosi alikuwa amesema vile kwa ujanja, na bado alikuwa amesema sawa.

Jumatatu alifika nyumbani kwa muuguzi kabla ya saa moja na nusu asubuhi, na gari lake dogo akaliegesha nyuma ya lile la kijivu. La kijivu lilikuwa limefutwa likang'aa, mto umewekwa kwenye kiti cha mbele. Ndani, mzee alikuwa ameshavaa, amekaa karibu na mlango, blanketi limekunjwa magotini, mkono wa kushoto una uvimbe wa sindano za muda mrefu. Muuguzi alimkaribisha kwa furaha. Alitaka kumletea chai. Mama Kasoro alikataa kukaa.

"Mama, lile gari lina kasoro ya nne. Lilizama kwenye mafuriko kabla halijaletwa. Waya zake zinaoza, na siku yoyote linaweza kuzima likiwa barabarani. Mimi ndiye niliyekuuzia. Sikulikagua kwa mkono wangu, nilisoma karatasi, nikakuambia hizo tu. Baada ya wiki tatu utachagua jingine, huongezi kitu. Hili msilipande tena, hata leo."

Alikuwa amemaliza. Kwa mazoea ya miaka mingi kidogo aseme "nirudishie", na neno akalimeza likiwa tayari kwenye meno.

Muuguzi hakurudisha chochote. Alikuwa bado amesimama, mkono mmoja kwenye bega la mumewe.

"Umejua lini?"

Swali hilo hakuwa amejiandaa nalo. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa machozi, hata kwa kufukuzwa mlangoni. Na jibu likaja lenyewe, jepesi, limeshaiva: jana. Hakuna ambaye angejua. Fundi asingesema, bosi asingesema, na dada yake hakuwa akimjua muuguzi. Akisema jana, basi yeye ni yule mwanamke mwema aliyekimbia kabla hata jua halijapanda. Alitamani kuwa mwanamke huyo.

"Jumanne," alisema. "Jumanne ya wiki iliyopita, mchana."

Muuguzi aliinua mkono kutoka begani kwa mumewe na kufungua kidole kimoja. "Jumatano tulikwenda." Akafungua cha pili. "Ijumaa tulikwenda."

"Ndiyo."

"Ukijua tunakwenda."

"Nilijua."

"Na Jumatano nilikupigia simu. Ukaniambia nini?"

"Nilikuambia nashukuru sana."

Mama Kasoro aliutazama ule uso aliokuwa akiuogopa, na haukuwa na hasira aliyoitarajia. Ulikuwa wa mtu anayeondoa kitu mahali fulani ndani yake, polepole, akihakikisha hakibaki hata kipande. Hapo ndipo alipoelewa kwamba gari lingebadilishwa, na imani haina pa kubadilishiwa. Machozi yalimjia, akayazuia, kwa sababu hakuwa yeye mwenye haki ya kulia mle ndani.

Mzee ndiye aliyesema. "Jamani, mashine yenyewe haitungoji. Mtagombana nikishalala."

Muuguzi alichomoa ufunguo wa gari la kijivu kwenye fungu lake, akamwekea Mama Kasoro kiganjani. "Lako hapo nje linawaka?"

"Linawaka."

"Tupeleke."

Walimwingiza mzee kiti cha mbele, wawili wakimshika, bila kuzungumza. Muuguzi alikaa nyuma. Mama Kasoro aliendesha kama anayebeba mayai, na njia nzima aliona kwenye kioo macho ya yule mama yakitazama mikono yake kwenye usukani. Yalikuwa macho ya kazi, ya mtu aliyekaa miaka mingi wodini akiangalia wengine wanavyochoma sindano.

Kwenye lango la hospitali walimshusha mzee, wakamweka kwenye kiti cha magurudumu. Muuguzi alimfunika blanketi, akamsogeza kivulini, kisha akarudi dirishani kwa dereva.

"Miadi yake ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Saa moja na nusu tunakuwa mlangoni. Wiki tatu, mpaka gari lingine lifike."

"Mama, mimi nakuahidi kwamba kila siku nita..."

"Usiniahidi," alisema muuguzi. Hakupaza sauti. "Maneno yako nimeshayanunua mara moja. Wewe njoo tu."

Aligeuka, akashika vishikio vya kiti na kuanza kumsukuma mumewe kuelekea ndani.

Jumatano, saa moja na robo, Mama Kasoro alikuwa mlangoni kwao. Alifungua mlango wa mbele wa gari, akasimama kando, na hakusema neno.